Kaka Yetu, Aliyevaa Saa za Watu

Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho na wa kike peke yangu. Nimepewa kusoma haya kwa sababu kaka zangu wawili walijaribu jana sebuleni na hakuna aliyefika mstari wa pili. Basi nivumilieni.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alikuwa akisema alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipoanza kusema hakunyamaza tena. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Huko alipewa kazi ya kupiga kengele, akavuliwa cheo muhula huohuo, maana mapumziko yalianza kurefuka.

Mwaka 1967 mjomba wetu, fundi saa, alimchukua kibandani kwake pembeni ya posta, naye hakutoka tena. Alipenda hasa saa za mkono zilizochakaa. Mtu alileta saa ambayo kioo chake kimekwaruzika hadi mishale haionekani; kaka alikipaka dawa ya meno kidogo, akasugua kwa kitambaa laini, polepole, huku akiisemesha. Mikwaruzo ya kioo aliiondoa. Ya mfuniko wa nyuma aliiacha: "Hiyo ni ya mwenyewe, mimi nani niifute?" Kisha mteja alisomewa masharti: usioge nayo, usifulie nayo, ifute jasho kabla ya kulala, na ole wako uiweke juu ya redio!

Tena hakuna saa iliyotoka kibandani kabla yeye mwenyewe hajaivaa siku kadhaa kuipima. Alitembea mitaani na saa nne mkononi. Ukimwuliza saa ngapi, anakuuliza, "Ya nani?"

Ndivyo alivyompata wifi yangu, fundi cherehani, aliyekuwa ameleta saa ya marehemu baba yake. Jumamosi moja akamkuta kaka sokoni ameivaa, anachagua vitunguu. "Wewe! Saa ya baba yangu umeivaa kwa ruhusa ya nani?" Watu wakajaa. Kaka akajibu, "Dada, saa ikikaa mezani inadanganya. Lazima ivaliwe." Wifi hakuamini hata neno moja, akahamia kibandani kulinda mali yake. Saa ilipopona, aliendelea kuja kulalamika kwamba inachelewa. Wala haikuchelewa. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu.

Binti yao mkubwa alifuata kazi ya baba, na hamu yake ilikuwa moja tu: baba amwite fundi. Alifungua saa, alisafisha, alisugua vioo. Lakini kuzivaa na kuzipima? Thubutu! "Bado, mama," kaka alimjibu miaka nenda rudi. Nikamwambia, "Unasubiri mtoto wa watu azeeke?" Akanikatia simu. Alinikera sana kwa hilo, na nalisema hapa mbele yake.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, bisibisi ikamshinda. Alitania kwamba saa zinazojijaza kwa kutikiswa sasa anazijaza bure, ila niliona alivyoumia. Moyo nao ukachoka, akalazwa Januari mwaka huu.

Jumanne iliyopita binti alimpelekea wodini saa ya dereva wa basi la shule, aliyoitengeneza peke yake mwanzo hadi mwisho. Nilikuwepo. Kaka aliigeuza, akaiweka sikioni, akainusa hata, sijui kwa nini. Akaukosoa mkanda. Binti akamshika mkono amvalishe, aipime kama kawaida. Kaka akauvuta mkono wake.

"Vaa wewe, fundi," akasema.

Binti akaangua kilio, nami nikafuata, muuguzi akaja mbio kuuliza nani amefariki. Kaka akamwambia, "Si mimi."

Alituaga usingizini alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kaka zetu wawili na mimi.

Dereva wa basi la shule, nakuona pale nyuma. Saa yako usiitafute kibandani. Iko mkononi mwa fundi, bado anaipima.

Kaka yetu, pumzika kwa raha.