Bi. Hinda Lustgarten, Aliyekaa Wengine Waliposimama

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ni Jumapili asubuhi, Manchester inanyeshewa kama ilivyozoea, na aliye hapa ni Naftali Zilberfarb, yule yule mnayemlalamikia kwamba anaongea mno. Leo nivumilieni. Leo namkumbuka Bi. Hinda Lustgarten.

Bi. Hinda ametutoka. Alifariki Jumanne ya wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka themanini na minane, nyumbani kwake Mtaa wa Ashgrove, ile nyumba yenye mlango wa kijani. Jumatano tukamzika. Siku saba za matanga zimekwisha, vioo tulivyovifunika kwa msiba vimefunuliwa, na binti yake Yocheved amesharudi kazini. Mimi ndiye sijarudi mahali popote. Nitawaambia kwa nini, lakini ngojeni kwanza nimtaje alivyokuwa.

Alizaliwa hapa hapa. Baba yake, Yekutiel, alitoka Hungaria na alikuwa mwalimu wa watoto, mtu mkali wa ndevu nyekundu. Hinda alipofika miaka kumi na sita aliingia kiwanda cha makoti ya mvua, akashona vitundu vya vifungo mpaka kiwanda kikafungwa. Halafu akaongoza chama chetu cha mazishi upande wa wanawake. Miaka thelathini na mmoja, wasikilizaji. Miaka thelathini na mmoja, mwanamke wa jamii yetu akifariki, Bi. Hinda ndiye aliyemwosha, akammiminia maji, akamvisha. Na sanda alizishona mwenyewe: kitani nyeupe, bila mfuko, na uzi usiofungwa fundo.

Yocheved aliniambia hivi: "Mama alikuwa anashona sanda huku anasikiliza kipindi chako. Na anakujibu! Ukikosea tarehe anaacha sindano, anasema, 'Wee Naftali, vaa miwani.'"

Basi ndiye huyo. Sasa nije kwenye habari ya kukaa.

Kila Sabato asubuhi, sinagogi yetu husoma dua mbili. Ya kwanza ni ya Mfalme na nyumba yake. Watu husimama. Bi. Hinda alisimama. Ya pili ni dua ya taifa la Israeli. Watu husimama vile vile. Bi. Hinda alikaa. Kule juu kwenye roshani ya wanawake, safu ya pili, kiti cha tano, alifunga kitabu chake, akakiweka mapajani, akangoja dua iishe. Hakununa wala kumkunjia mtu uso. Alikaa tu.

Na kiti cha sita, ubavuni mwake, alikuwepo rafiki yake Gitel Wajnryb, ambaye dua ile aliisema kwa sauti ya kumfikia Mfalme mwenyewe. Mtoto wa Gitel anaishi Haifa. Wajukuu wake wamevaa sare za jeshi la kule. Gitel na Hinda waliosha maiti pamoja miaka yote ile, na kila Sabato wakitoka waligombana kwenye ngazi. Sisi wanaume tulio chini tulikuwa tunasikia kila kitu.

"Kwa mfalme wa Waingereza unasimama," Gitel anasema, "kwa ndugu zako unakaa! Huyo mfalme amekufanyia nini, bibi we?"

"Mfalme hajaniambia kwamba yeye ndiye ukombozi," Hinda anajibu. "Akianza kusema hivyo, naye nitamkalia."

Tulicheka sana. Lakini si kwamba walikuwa wanataniana. Hinda alilelewa na imani kwamba Masihi ndiye atakayeturudisha Nchi Takatifu, kwamba si kazi yetu kumtangulia kwa bendera na bunduki. Nchi ile aliipenda. Mara tatu kwa siku aligeukia Yerusalemu akasali. Hakuwahi kuikanyaga. Aliniambia mimi mwenyewe, siku moja nilipomuuliza kwa kiherehere changu: "Naftali, mwanangu, mimi naitaka nchi ile kuliko wewe unayeenda kuogelea pwani ya Eilat. Ndiyo maana nangoja."

Na Gitel? Gitel alizaliwa Ujerumani, kwenye kambi ya wakimbizi, mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia. Kuna Sabato moja alimgeukia Hinda pale pale kwenye ngazi, na siku hiyo hakuna aliyecheka. "Unangoja," alisema. "Kwao mama yangu walikuwa watu sitini na wawili. Na wao walingoja, Hinda. Walibaki wanne. Kungekuwa na mlango mmoja tu duniani wa kubisha, mmoja tu, nisingekuambia neno."

Hinda akamshika mkono. "Hapo sina jibu, Gitel. Jibu sina kabisa." Jumamosi iliyofuata dua ikasomwa. Gitel akasimama. Hinda akakaa. Kisha wakaenda kwa Hinda kula choulent, ule mchuzi wa Sabato wa maharage na nyama, wakasengenya watu, nadhani na mimi nikiwemo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hawa wawili. Mnajua kwamba sisi tunaozikwa mbali huwekewa machoni udongo kidogo wa Nchi Takatifu. Udongo wetu aliuleta Gitel. Kila akienda kumwona mwanawe alipanda basi mpaka Yerusalemu, akajaza kopo la kakao. Pale uwanja wa ndege wanamfungulia kila mara, na kila mara anawaambia, "Ni wa rafiki yangu, hataki kuja kuuchukua mwenyewe." Hinda alilipokea kopo lile kwa mikono miwili, akalibusu, akaliweka kwenye kabati la chumba cha kuoshea. Miaka yote mwanamke asiyesimama ndiye aliyetuwekea mama zetu udongo ule machoni.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika kwangu.

Miaka sita iliyopita, msimu wa kuchipua, kulikuwa na vita kule na kulikuwa na hofu hapa. Wengi wenu mlikuwa hamlali mkingoja simu za watoto wenu. Kamati ya sinagogi ikaletewa hoja: kila mwenye wadhifa asimame wakati wa dua ya taifa, asiyesimama aache wadhifa. Jina halikutajwa. Halikuwa na haja. Mwenye wadhifa aliyekuwa anakaa alikuwa mmoja tu.

Tulikuwa wajumbe saba. Watatu wakainua mikono kukubali. Watatu wakakataa. Aliyebaki ni mimi.

Niliinua mkono. Narudia, ili mtu asije akasema hakusikia vizuri: niliinua mkono, hoja ikapita kwa kura yangu. Na si kwa imani. Wenzangu watatu waliokubali walikuwa na imani yao na uchungu wao, nawaheshimu. Mimi niliogopa tu kwamba nikikataa wataniona si mwenzao. Nilitaka kuwa mwenzao, basi nikamtoa mwingine.

Bi. Hinda alirudisha ufunguo wa chumba cha kuoshea ndani ya bahasha. Juu yake aliandika: "Kwa kamati. Bawaba ya mlango inalia, tieni mafuta." Hakuandika zaidi.

Yocheved ameniruhusu niseme na hili. Usiku ule mama yake alilia. "Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata Baba alipofariki," anasema. "Alikuwa anarudia, 'Wamenifanya mgeni. Nimeshona sanda za mama zao, wamenifanya mgeni.'"

Kamati ikampa ufunguo Gitel. Tulidhani Gitel atafurahi. Loo! Alikuja mpaka mezani kwetu, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi wanaume," alisema, "miaka thelathini mimi nagombana na huyu mwanamke. Nani aliwaomba msaada?" Akauchukua ufunguo, akavuka barabara, akamkabidhi Hinda kwenye mlango wa kijani. Kisha akaturudia kutueleza: "Mmenipa ufunguo. Hamkusema nikae nao."

Siku kumi na moja baada ya kura ile, mama yangu mzazi akafariki.

Nilikwenda kwenye nyumba ya kuoshea, nikakaa nje na kitabu cha Zaburi, kama ifanywavyo. Nilijua ni nani waliomo ndani. Nilisikia maji yanamiminwa. Nilisikia mlango unalia, maana hakuna aliyetia mafuta. Bi. Hinda akatoka, mikono yake bado ina unyevunyevu. Nilibaki nimekaa, kitabu mapajani. Akasema, "Mama yako tumemfanyia yote. Nywele zake zilikuwa nzuri mpaka leo. Nimeuweka udongo kwa mkono wangu." Kisha akaniambia yale maneno tunayoambiwa sote tukifiwa: Mungu akufariji pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni na Yerusalemu.

Nikasema, "Asante." Basi. Asante! Mtu ninayelipwa kwa kuongea.

Siku saba za matanga alikuja kila siku na mayai ya kuchemsha na supu ya dengu. Sikumwambia. Nikajiambia, nitamwomba radhi kabla ya Siku ya Upatanisho, ndio wakati wake. Siku zile zilipofika, nikafanya kile ambacho mmenisikia nikikifanya kila mwaka hapa hapa. Nilishika maikrofoni nikasema, "Wasikilizaji wapendwa, kama nimemkosea yeyote kati yenu, anisamehe." Nikajihisi mwepesi. Nikaenda nyumbani nikala.

Mwaka wa pili nikafanya hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Mwaka jana pia.

Jumanne ile Bi. Hinda alipofariki, Gitel ndiye aliyenipigia. Ana miaka karibu themanini, na alikuwa ametoka kumwosha rafiki yake. Aliniambia kwamba wamemfanyia yote. Kwamba udongo ni wa kopo la kakao, Hinda mwenyewe aliagiza usiwe wa dukani, uwe ule wa Gitel. Kwamba mwishoni, pale wanawake wanapomwomba marehemu awasamehe kama wamemkosea heshima, yeye alishindwa kutamka, wenzake wakatamka kwa niaba yake.

Halafu akasema, "Naftali, unajua tumekula keki yako miaka sita?"

Nikauliza keki gani.

"Keki ya asali. Kila mwaka, siku moja kabla ya mfungo wa Upatanisho, Hinda anaoka mbili. Moja ya wageni. Nyingine anaifunika kwa kitambaa, anasema, 'Hii ya Naftali, leo atakuja.' Mimi namwambia, mwenzangu, ameshaomba radhi redioni, nimemsikia. Ananijibu, 'Redioni siyo mlangoni kwangu.' Anakaa dirishani mpaka karibu jua lizame. Mfungo ukiisha tunaila wawili. Mwaka jana nilikasirika, nikamwambia huyo mtu wako haji. Akasema, 'Niache, Gitel. Mimi kungoja nimezoea.'"

Wasikilizaji wapendwa, kutoka mlango wangu hadi mlango ule wa kijani ni dakika nne. Nimezipima wiki hii. Dakika nne, miaka sita.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nawaambia nani alikuwa na haki kwenye ngazi zile. Sijui. Nikimsikiliza Hinda namwona baba yangu, aliyeamini kama yeye. Nikimsikiliza Gitel sipati usingizi. Wao wenyewe hawakumaliza, na hakuna hata mmoja wao aliyemwomba mwenzake aondoke safu ya pili. Tulioshindwa kuvumilia ni sisi wanaume wa chini. Mwezi ujao napeleka hoja sheria ile ifutwe. Mpo mtakaoipinga, mna watoto wenu kule na mna sababu zenu. Njooni mnipinge. Lakini njooni mkijua nani aliwaosha mama zenu.

Kwa Yocheved na ukoo wote wa Lustgarten, na kwa Gitel Wajnryb, ambaye hayumo kwenye orodha ya ndugu na alistahili kuwa wa kwanza: Mungu awafariji pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni na Yerusalemu. Hinda na Gitel waliyasema maneno hayo pamoja, kwa pumzi moja, kwenye kila mlango wa mfiwa. Hapo hawakuwahi kugombana.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mlango unaoujua, zima redio uende. Nasema kweli, zima. Mimi nimechelewa, na sisi tuna desturi kwa aliyechelewa: aliyemkosea mtu, na mtu yule akafa, anachukua watu kumi, anasimama kaburini, anataja kosa lake kwa jina mbele yao. Halitajwi kwa jumla. Linatajwa lilivyo.

Naenda leo, saa sita mchana, makaburi ya juu, safu mpya iliyo karibu na ukuta. Nimeshapata tisa. Watano husimama, watatu hukaa, na mmoja dua ikianza huwa anaenda kuchungulia samaki wa chumvi tunaokula baada ya ibada. Nahitaji mmoja zaidi. Sikuulizi hukaa au husimama, wewe njoo na mwavuli.

Nilimwambia Gitel jana. Alisema, "Mimi mwanamke kwenye kumi wenu hamnihesabu, lakini nitakuwepo. Nitasimama karibu, nisikie. Taja kura. Taja na uoga. Usipotaja uoga nitakukatiza."

Nikamwambia sawa, Bi. Gitel.

"Na keki ipo," akasema. "Nimeoka mimi, si nzuri kama yake. Nimeifunika. Ukishasema, utapita kwangu kula."