Kabula Amefungwa, Mungu Asifiwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi wenye digrii, tunaosimama mbele yenu na maneno mengi kuliko imani.

Mnamkumbuka binti yangu Kabula alivyokuwa. Kutoka nyumbani hadi kisimani, hapa hapa Ngokolo, alikuwa anaketi njiani akihema. Ukiweka sikio kifuani pake ulisikia mngurumo usiokatika, kama mashine ya kusaga. Nanyi mkaomba! Kila ibada: "Bwana, mfungue mtoto huyu!" Mimi nilipaza sauti kuliko wote.

Tukapanda treni, mimi naye, hadi hospitali kubwa Dar es Salaam. Mama Kabula alibaki na kichanga. Daktari akasikiliza, kisha akanichorea mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo: mmoja wa kupeleka damu mwilini, mwingine mapafuni.

"Mwalimu, mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo kuna kijia kati ya hii miwili. Akishazaliwa, kinajifunga. Cha huyu hakikujifunga. Damu inarudi mapafuni, moyo unachoka."

"Kwa hiyo amefunguka?"

"Kupita kiasi."

Ndugu zangu, nilicheka huku nalia! Akasema asipopasuliwa huenda asifike utu uzima. Na akipasuliwa, hakuna ahadi. Nikapiga magoti pale koridoni, nikaomba sala fupi kuliko zote maishani mwangu: "Bwana, funga."

Wakampasua ubavuni, wakakifunga kijia kwa uzi. Nikakimbia posta kupeleka telegramu: KABULA AMEFUNGWA MUNGU ASIFIWE.

Yaliyotokea huku mnayajua kuliko mimi. Mama mkwe alipiga yowe: "Mayo! Mtoto mdogo hivi kafungwa kwa kosa gani? Na baba yake anashangilia!" Mzee wetu wa kanisa akaenda polisi kuulizia dhamana.

Siku tuliyorudi, Mama Kabula hakunisalimia. Alipiga magoti stesheni katikati ya mizigo ya watu, akaweka sikio kifuani pa mwanawe, akatulia hivyo mpaka treni ikaondoka.

"Baba Kabula," akasema, "mashine imezimwa."

Utukufu kwa Mungu! Mwenye mtoto anayehema, mpeleke hospitali, na maombi yaende naye. Mwaminini Bwana hata anapojibu kinyume cha mlivyoomba. Anayetaka kufunguliwa leo, apite mbele. Na anayehitaji kufungwa, naye apite. Ni Bwana huyo huyo.