Mume Aliyekaa Mbele

"Kama dhahabu iko kwetu, mbona watoto wanakimbilia Arabuni?" Jirani alimwuliza hivyo mjane Jerioth siku moja. Swali lilimrudia ndani ya teksi iliyotoka Nyamongo kwenda Tarime, akimsikiliza binti aitwaye Nchagwa akiongea na wakala wa viza, mgeni aliyeletwa mkoani Mara na habari za machimbo ya dhahabu.

"Viza ya Omani haitoki bila ridhaa ya mume. Wako yuko wapi?"

"Si huyo hapo mbele."

"Dereva?"

"Dereva wa nini! Bibi Robi. Alinitolea ng'ombe, nikamzalia mjukuu."

"Mwanamke kakuoa?" Wakala akakuna kichwa. Jerioth alikuwa ameielewa mila hiyo ya Wakurya, ya mwanamke asiye na mwana wa kiume kuoa binti ili amzalie wajukuu, maisha yake yote, mpaka ilipoanza kuelezwa. Akamwomba Mungu asiulizwe yeye.

"Basi sema hujaolewa, dada."

"Nikisema hivyo, wale ng'ombe waliletwa kwetu kwa ajili ya nani? Na mtoto ni wa nani?"

"Omani hawajui ng'ombe wenu!"

Nchagwa alikitazama kisogo cha Bibi Robi. Jerioth aliona binti anayapima maneno ya wakala.

Gari liliposimama Tarime, Bibi Robi, aliyekuwa amesikia yote, alifungua mlango, akashuka, akaenda zake, wala hakugeuka kuona kama mkewe anamfuata.