Shangazi Anaachia Meza ya Masikio

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na saba. Si miaka ya kusimuliwa. Ni miaka ya kufika kabla ya Bosi, kufungua dirisha, kuchomeka chuma chake cha kulehemu kwenye umeme na kuuliza kwa ukali nani amehamisha tupa yake. Hakuna aliyewahi kuihamisha. Tupa huwa mfukoni mwake.

Kwa wageni waalikwa, hasa ndugu wa mstaafu waliopendeza leo na hawajui vizuri wanapigia makofi kitu gani, naomba nieleze kidogo. Chini ya siti ya pikipiki kuna vipande vya plastiki vilivyochomoza, vikubwa kama kidole gumba. Sisi tunaviita masikio. Yale ya mbele huingia kwenye fremu, chini ya tangi, na ndiyo yanayoizuia siti isihame. Sikio likivunjika, dereva akifunga breki anaenda mbele na siti yake, akipanda mlima anarudi nayo nyuma, na abiria anaanza kukumbuka dua zote alizofundishwa utotoni. Kuna wanaonunua siti nzima kwa sababu ya kidole hicho. Kuna wanaofunga kamba. Wenye akili walimletea Shangazi.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alianzia kwenye dirisha la spea, akiuza plagi na minyororo, na wakongwe wa hapa wanakiri kwamba alikuwa muuzaji mbaya kupita kiasi. Mteja akitaka siti mpya, yeye anataka kwanza aione ya zamani. Akishaigeuza anamwambia hii haijafa, ina jeraha tu, usiizike mapema. Bosi alimwonya, akamwonya tena, mwishowe akampa meza kule pembeni karibu na choo, akidhani amemwadhibu. Kumbe amempa kiwanda.

Siti yake ya kwanza aliibandika kwa supaglu. Sifichi, maana mwenyewe hafichi. Mteja alishukuru, akaondoka kwa madaha, akafika mpaka getini. Alirudi akisukuma pikipiki. Mtu mwingine angejificha nyuma ya matairi, lakini Shangazi alimpokea kama mgeni aliyekuwa anamsubiri, akamwambia gundi imeshika ngozi tu, nyama haijaifikia. Akakaa na lile sikio hadi likasalimu amri.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wake, ambao leo mafundi wa mitaa mingine wanauiga na kusema ni wao. Anatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, ili ufa usiendelee na safari. Anachimba mfereji mahali palipovunjika, juu na chini. Anazamisha humo kipande cha wavu wa chuma kwa moto, ndipo anayeyushia plastiki juu yake, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Wavu ulitoka wapi? Swali zuri. Kwa muda mrefu ulitoka kwenye vichujio vya chai vya nyumbani kwake. Mumewe, huyo hapo mstari wa mbele mwenye shati jipya, alikunywa chai yenye majani miaka mingi na ndoa haikupata hata ufa. Siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea na kuuliza kichujio kiko wapi, aliambiwa ukweli mtupu, kwamba kiko chini ya makalio ya askari wa trafiki. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Safari iliyofuata alikuja na vichujio vipya mkobani, akasema hivi ni vya askari, kile cha chai nimekiweka mbali.

Juu ya meza hukaa beseni la maji. Wapo waliodhani ni la kunawia, na mmoja alinawa kweli na kuomba taulo. Beseni lile ndilo jicho la Shangazi. Plastiki zote nyeusi zinafanana, lakini ya siti huelea, na ya kava nyingi za ubavuni huzama. Anakata kijipande, anakitupa majini, anatazama. Vinavyoelea anaviunganisha na vinavyoelea. Ukiziyeyusha pamoja plastiki mbili zisizo za ukoo mmoja, anasema, zitapeana mikono mbele ya watu, ukigeuka tu, kila mmoja kwao.

Halafu kuna sheria yake. Aliyetengeneza siti ndiye anayeikalia. Mwenye pikipiki anaendesha, fundi anapanda nyuma, wanaruka matuta yote mpaka kwa mshona viatu wa kona na kurudi. Mtaa mzima umemwona Shangazi akipita amekaa upande, gauni amelibana kwa mpira wa tyubu, mkono kiunoni kama anapigwa picha. Wamemwona akirushwa. Hakuna aliyemwona akianguka.

Sasa niseme la mwaka huu, maana bila hilo sherehe hii ingekuwa ya soda tu. Bosi alitutangazia mapema kwamba siku Shangazi akiondoka, meza nayo inaondoka. Pale ukutani itakaa rafu ya siti mpya. Hakuwa na ubaya. Alisema hana mwingine wa kuishika kazi ile, na kweli hakuwa naye. Watu watatu walishawahi kukalishwa kwenye meza hiyo wakaikimbia. Mmoja alikimbia moshi wa plastiki, wawili walikimbia mdomo wa mwenye meza. Shangazi hakubisha. Aliacha chai yake ipoe, akaimwaga, na alichosema ni kwamba basi wale wote wanaokuja na siti zimefungwa kamba wataanza kuambiwa watupe. Hatukuwa tumemsikia akisema jambo kwa sauti ndogo namna ile, na karakana nzima ilipoteza hamu ya utani mpaka jioni. Kwetu hiyo ni rekodi.

Aliyekuja kuokoa jahazi ni mtu ambaye hata mimi, mwenye macho ya mbali, sikumtarajia. Ni mchomeleaji wetu wa vyuma, ambaye Shangazi humwita Bwana Cheche, na yeye, kwa ajili ya plastiki anazoyeyusha, humwita Shangazi mpishi wa ndoo. Wametupiana vijembe tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Mchana mmoja alikwenda akasimama kando ya ile meza, akitazama dari kana kwamba amekuja kukagua mabati. Shangazi akamuuliza kama amepotea njia, mbona vyuma viko kule. Akajibu kwamba amekuja tu kuona ndoo zinavyopikwa. Akasogezewa kigoda bila kuambiwa karibu.

Siti ya kwanza aliyoshika iligeuka supu. Mkono uliozoea chuma cha geti ulikandamiza plastiki, tukaletewa tundu pana la kupitisha chungwa. Siti ya pili, lo, ilikuwa ya maonyesho! Sikio limenyooka, limepigwa msasa, linang'aa kuliko siti yenyewe. Bosi alitoka ofisini kuja kulipigia mluzi. Tatizo ni kwamba Bwana Cheche alikata plastiki ya kujazia kwenye kava la ubavuni, akiwa ameipenda kwa weusi wake. Maisha yake yote amekijua chuma kwa kukitazama, na beseni alilipita akisema yeye si mwosha vyombo. Shangazi alikuwa stoo wakati huo. Aliporudi alikuta siti imeshafungwa kwenye pikipiki, akasema sheria ni sheria, panda.

Kwenye tuta la pili sikio lilibanduka zima zima kama stika. Siti ilirudi nyuma na Bwana Cheche akawa abiria wa taa ya nyuma. Alirejea kwa miguu, taa ameishika mkononi kama anamtafuta mtu mchana kweupe. Tulicheka kwa adabu. Nasema uongo, tulicheka vibaya sana. Lakini kicheko kilikatika pale Bosi alipompigia simu seremala aje kupima rafu.

Hapo mstaafu wetu alionyesha chuma kilicho ndani yake. Angeweza kusema nimejitahidi, nimeshindwa, nipeni kadi yangu na keki. Badala yake alilisogeza beseni mpaka miguuni kwa Bwana Cheche, akamfanya akate vijipande na kutaja kwa sauti kabla hajavitupa majini: huyu anaelea, huyu anazama. Akikosea anaanza upya, na mwalimu anamuuliza kama na vyuma vyake alivijua kwa kubahatisha. Akamfundisha kushika chuma cha moto kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika kifaranga. Mwanamume mzima, mwenye mikono ya kubebea injini, alikuwa anatokwa jasho kwa ajili ya kidole cha plastiki. Hata kucheka tukaacha. Tukaanza kumletea maji ya kunywa.

Jumanne wiki hii akaja msambazaji wa mikate, masikio yote mawili ya mbele yamekwisha. Bwana Cheche aliishika kazi peke yake. Shangazi aligeuza kiti akampa mgongo, akajifanya anachambua skrubu, na sisi tukakatazwa kuchungulia. Tulichungulia. Kazi ilipokwisha, fundi akajiandaa kupanda kama sheria inavyotaka, na Shangazi akamzuia. Akasema safari hii atakalia yeye. Sikio likiwa bovu, basi aanguke mwenye meza, ijulikane yeye na meza yake wamezikwa pamoja. Likishika, rafu itafute ukuta mwingine. Bosi akasema kama ni hivyo, usukani anaushika yeye mwenyewe.

Wakaondoka. Tulisimama getini wote, na seremala katikati yetu, ubao begani. Tulimwona Shangazi akiruka tuta la kwanza, la pili, la tatu. Bwana Cheche hakutazama, aliuliza tu kila mara, bado yuko juu? Bado yuko juu? Wakapotea kwenye kona. Waliporudi, Bosi alikuwa anaendesha polepole na uso hauna habari. Shangazi alishuka, akaagiza siti ifunguliwe, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye kila ungio. Masikio yote mawili yalikuwa mahali pake, bila hata mstari wa ufa. Akasema plastiki imezidi, huyu anapakua kama wa harusini.

Papo hapo akaingia mama mmoja amebeba siti yenye kamba, akaulizia kwa Shangazi kama wanavyoulizia wote. Shangazi hakuipokea. Alimwonyesha Bwana Cheche kwa kidevu, akasema, "Mpe fundi yule." Miaka yote hiyo alimwita majina yote duniani, ila fundi alikuwa hajamwita. Bwana Cheche alijifuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono, akaipokea siti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Bosi naye akamvuta seremala kando, akamuuliza kama ubao ule unatosha kuipanua meza, maana sasa itahitaji nafasi ya watu wawili.

Shangazi, ahsante kwa siti ulizokataa kuzizika. Ahsante kwa ukali, tulikuwa tunaustahili, wengine zaidi ya wengine, na sitaji majina kwa sababu mojawapo ni langu. Nenda nyumbani ukiwa na afya, unywe chai safi, uwachoshe wajukuu kwa hadithi na wao wakuchoshe kwa maswali, na kila njia utakayopita ikukute umekaa vizuri. Jumatatu asubuhi meza itafunguliwa kama kawaida.

Wewe lala.