Mama Maswali na Taa ya Injini: Miaka Thelathini na Mitatu Mapokezini

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi na moja jioni, dada yetu wa mapokezi atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Katika muda huo wamepita mameneja watano, mageti mawili, na mafundi wengi ambao sisi tumeshawasahau sura, ila yeye bado anakumbuka hadi nani alikuwa hatii sukari kwenye chai. Jina lake kamili lipo kwenye faili la ofisi. Kwa wateja na kwetu sisi ni Mama Maswali, na tukiandika jingine hapa, nusu ya wasomaji watauliza huyo ni nani.

Mimi ninayeandika ni fundi mkuu. Meneja amenipa kazi hii kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna mtu aliyebishana na mstaafu wetu kunizidi mimi. Sina la kujitetea.

Aliajiriwa kupokea funguo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: andika namba ya gari, andika tatizo, mwonyeshe mteja kiti. Kwenye kadi, nafasi ya tatizo ilikuwa mstari mmoja tu, na mafundi wa enzi hizo waliridhika kabisa na maneno mawili, "gari bovu". Yeye hakuridhika. Wiki yake ya kwanza alipeleka kadi iliyojaa pande zote mbili: gari linatetemeka asubuhi tu, tena likiwa limelala nje, likilala bandani halina neno, na halikuwa hivyo kabla ya kuazimwa na shemeji. Fundi mkuu wa wakati huo aliisoma kwa sauti ili watu wacheke, na kweli walicheka. Halafu akaenda kwenye gari, akauona ubovu ndani ya saa moja. Habari za shemeji zilimalizwa nyumbani kwa mteja.

Magari yenye taa ya injini yalipoanza kuwa mengi, ndipo kipaji chake kilipopata uwanja. Wasomaji wanaijua taa hiyo: ya rangi ya chungwa, ina picha ya injini, na inawaka pale tu unapochelewa kazini. Haikuambii kilichoharibika. Ni kama mtoto mchanga anayelia. Unajua analia, hujui kama ni njaa, tumbo au deko. Madereva walikuwa wakiingia mapokezini wametokwa na jasho, na Mama Maswali anawapokea na swali lake la kwanza, lile lile kwa kila mtu: "Imetulia, au inakonyeza?"

Maana ikiwa imetulia, gari linaweza kujikongoja hadi kwa fundi. Ikikonyeza, injini inaumia papo hapo, nawe huna budi kusimama. Mzee mmoja aliwahi kumjibu kwamba kwa umri wake, akikonyezwa na yeyote lazima asimame. Mama Maswali aliandika kwenye kadi, bila kucheka, "Mteja amefanya sawa."

Yupo pia muuguzi aliyefika huku analia, akiamini injini ndiyo basi tena. Aliulizwa alijaza mafuta lini. Jana. Akaulizwa kama aliyajaza akiwa na haraka. Sana, alikuwa anawahi zamu. Mama Maswali akamwomba afungue mkoba wake. Kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa humo, kati ya kitana na miwani. Kilirudishwa mahali pake, na baada ya siku chache za kuendesha taa ikazimika yenyewe. Mafundi hatukushika hata bisibisi.

Kisha ikaja mashine ya kupimia, na hapo ndipo ninapoingia mimi kwa ubaya.

Mashine hiyo unaichomeka chini ya dashibodi, nayo inakutolea namba ya hitilafu. Niliipenda kupita kiasi. Nilimwambia meneja wa wakati ule kwamba sasa wateja waje moja kwa moja kwangu, mambo ya kuhojiana yamepitwa na wakati. Meneja alinisikiliza. Viti vya mapokezi viliondolewa, na meza ya Mama Maswali ikahamishiwa stoo ya matairi, ambako alipewa kazi ya kuorodhesha matairi hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo nafasi yake ingefutwa. Hakulalamika. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, kwamba mke wake siku hizi anarudi nyumbani ananukia kama gurudumu jipya.

Miezi miwili baadaye likaletwa basi dogo la shule. Ilikuwa Alhamisi. Dereva alisema asubuhi injini ilitetemeka na taa ikakonyeza. Mashine ikasema silinda ya tatu haiwaki sawasawa. Nikabadilisha plagi, nikapangusa mikono, nikaenda kula. Alhamisi iliyofuata basi likarudi. Nikabadilisha koili, ile inayoipa plagi cheche. Alhamisi ya tatu likarudi tena, nikabadilisha nyaya. Kila mara, likifika kwangu mchana linanguruma vizuri kabisa, na kilichobaki ni namba tu kwenye kumbukumbu ya gari. Mwalimu mkuu alipopiga simu kuuliza kulikoni, nilimjibu kwamba mashine haikosei, labda dereva wake ana mguu mzito. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, na nimeyaandika hapa ili nisije nikajifanya nimeyasahau.

Alhamisi ya nne dereva alifika akiwa na barua kwenye mfuko wa shati. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa, na alikuwa amewapeleka watoto wa shule ile kwa miaka kumi na tisa bila kumkwaruza hata mmoja. Barua ilisema kwamba anaharibu gari kwa uendeshaji mbaya, na taa ikiwaka tena mara moja tu, akabidhi ufunguo. Kwa kuwa viti vilishaondolewa, alikwenda kukaa juu ya matairi stoo.

"Kaka, mbona umekaa kama uko msibani?" Mama Maswali akamuuliza.

Dereva akamwonyesha barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia, kisha akavuta kadi.

"Nieleze wiki yako. Anza Jumatatu asubuhi, usiruke kitu."

Dereva akasimulia. Jumatatu hakuna neno, Jumanne hakuna neno. Jumatano mchana watoto wanakwenda uwanjani kucheza mpira, wanarudi na tope hadi masikioni, na basi linaoshwa.

"Linaoshwa na nani?"

"Nje naosha mimi, mama."

"Na ndani ya boneti?"

Dereva akaangalia mlango. "Hilo nikilisema, mama, nitakuwa nimejimaliza mwenyewe."

Hakumlazimisha. Alikuja kwangu na kadi yake, akaniambia anahisi basi hufunguliwa boneti kila Jumatano jioni, na taa huwaka kila Alhamisi asubuhi. Nilimjibu arudi kwenye matairi yake, mashine imeshasema.

"Mashine imesema wapi," akanijibu. "Haijasema lini."

Kisha akachukua simu ya ofisi bila kuomba ruhusa, akampigia mwalimu mkuu, akamwomba aje ajaze fomu ya matunzo ya gari. Fomu hiyo haikuwepo. Aliiandika kwa mkono wakati mwalimu akiwa njiani.

Mwalimu mkuu alifika na tai yake na uso wa kuvunja kikao. Dereva alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mimi nilikuwa mlangoni na spana, nikijifanya natafuta kitu. Mama Maswali hakugusia barua wala taa. Alimkaribisha kiti chake mwenyewe, akaanza kwa kusifu.

"Mwalimu, magari yote yanayoingia hapa, sijaona lililo safi kama lenu. Hadi injini inang'aa. Nani anawaoshea?"

Uso wa mwalimu ukafunguka kama dirisha. "Hiyo ni kazi yangu mwenyewe, mama! Muhula huu tumenunua pampu ya maji ya presha. Jumatano nikitoka darasani navua koti, nafungua boneti, napiga maji kila kona. Inanipumzisha akili."

"Unaweza kutuonyesha, mwalimu? Mafundi wetu hawajui kuosha."

Hapo masikio yangu yalipata moto, maana nilishaanza kuelewa. Mara zote tatu nilipofungua silinda ile, niliona alama nyeupe ya maji yaliyokauka, nikaipangusa kwa kitambaa na kuendelea na mambo yangu. Mwalimu alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika mpira wetu wa maji, akaiogesha injini kwa mapenzi ya mzazi. Alipomaliza, Mama Maswali akamwomba dereva awashe.

Basi lilitetemeka kama limeshikwa na homa. Kwenye dashibodi taa ikakonyeza, ikakonyeza tena. Nilichomoa koili ya silinda ya tatu mbele yao. Mpira wake wa kuziba ulikuwa na ufa, na chini, kwenye shimo la plagi, kulikuwa na maji ya kumtosha shomoro kuoga. Kila Alhamisi joto la injini lilikuwa linayakausha kabla basi halijafika kwangu.

Mwalimu alibaki ameshika mpira wa maji, matone yanadondoka kwenye viatu vyake. Nilitegemea agombe. Badala yake alimgeukia dereva.

"Ile barua," akasema taratibu, "naomba unirudishie. Niliiandika bila kukuuliza chochote."

Dereva akaitoa mfukoni. Mwalimu aliichana vipande vinne palepale, akamwomba radhi mbele yetu sote, na kuongeza kwamba kuanzia siku ile pampu ingeshikwa na dereva.

"Nitaishika, mwalimu," dereva akasema, "ila boneti itabaki imefungwa."

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha mwalimu mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilibadilisha ule mpira wa kuziba, na nilipomaliza nikamwambia dereva yale niliyoyasema kwenye simu. Akanipa mkono. Alhamisi iliyofuata basi halikuja, wala iliyofuata hiyo.

Jumamosi ile tuliibeba meza kuirudisha mapokezini, mimi upande mmoja na fundi rangi upande wa pili. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwenyewe alitufuata nyuma akiuliza kwa nini tumeibeba kiubavu, na nani alituambia mlango wa nyuma ni mpana. Meneja aliachana na ule mpango wa kufuta nafasi yake. Tangu wakati huo kuna kanuni kwenye gereji hii, haijaandikwa popote lakini hakuna anayeivunja: mashine haichomekwi kabla kadi ya Mama Maswali haijasomwa. Kila Jumatatu asubuhi mafundi husimama kaunta kwa saa moja, midomo imefungwa, tukimsikiliza akizungumza na wateja. Mimi nimehudhuria miaka kumi na moja na bado sijahitimu.

Sasa lipo jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mwanamke huyu, aliyeyahoji magari kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kuendesha hata moja. Alituambia mwezi wa pili mwaka huu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ana dada yake mkubwa anayeishi mwendo wa saa sita kutoka hapa, ambaye magoti hayamruhusu tena kusafiri, na huonana naye mara moja kwa mwaka. Alisema akistaafu angependa kwenda kila anapojisikia, bila kumsubiri mtu.

Nyuma ya banda la rangi kulikuwa na gari dogo lililoachwa na mteja mmoja, naye akaturuhusu tulichukue. Mafundi kumi na wanne tulilifanyia kazi Jumamosi zetu kwa miezi mitatu. Mume wake alishona vitambaa vya viti kwa siri, akimwambia ni oda ya hoteli. Lilipokamilika tukamkabidhi ufunguo. Mwalimu wa udereva nilikuwa mimi, na nadhani hiyo ilikuwa adhabu yangu iliyochelewa. Siku ya kwanza gari lilimzimikia mara saba, na kila mara alitaka kujua kwa nini hasa. Wiki ya tisa alipita mtihani. Mtahini alitoka garini akijifuta uso, akasema hajawahi kuhojiwa kiasi kile na mtu aliyekuja kutahiniwa.

Jumatatu iliyopita aliniambia nishuke, anataka kuzunguka mwenyewe. Nikashuka. Alizunguka uwanja mara mbili, akapiga honi kwa mafundi waliosimama mlangoni, halafu akatoka getini na kukunja kulia. Alikaa nje dakika ishirini, na sisi tulikuwa tumesimama barabarani kama wazazi siku ya kwanza ya shule. Aliporudi aliegesha gari, akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na swali.

Jumamosi ya tarehe mosi, saa moja asubuhi, anaondoka kwenda kwa dada yake. Tangi limejazwa, kiti kimesogezwa mbele kumtosha, na mume wake atakaa kushoto kwake na ahadi ya kutofumba macho.

Dada yetu, asante kwa masikio yako na kwa subira uliyokuwa nayo kwetu. Tunakuombea afya, safari nyingi na mapumziko marefu pamoja na wale unaowapenda. Ukifika, tupigie simu. Sote tutakuwa kaunta tunasubiri.