Bi Chupa na Mapipa Saba ya Akiba

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mtunza stoo ya mafuta wa kituo chetu cha malori ya maji atasaini daftari la makabidhiano na kustaafu, baada ya kuingia na kutoka kwenye geti lile lile kwa miaka thelathini na mmoja. Katika karatasi za utumishi ana jina lake kamili. Kwetu sisi ni Bi Chupa, na ukimwulizia kwa lile jina jingine, hata mlinzi atakuomba ufafanue.

Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, nimeendesha malori ya hapa muda mrefu kuliko dereva yeyote aliyebaki. Pili, mimi ndiye niliyewahi kukwama mlimani kwa sababu yake, na bado tunasalimiana.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na tisa, karani wa vipuri, mtu wa kuhesabu boliti na mikanda ya feni. Mtunza mafuta wa wakati huo alipohamishwa ghafla, Bi Chupa aliombwa ashike stoo kwa wiki mbili tu mpaka apatikane mwingine. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha mwezi huu.

Sasa habari ya mlimani, niimalize mapema. Ulikuwa mwaka wake wa pili. Mapipa ya dizeli ya akiba yalikuwa yanasimama wima uani, bila paa, kama tulivyoyakuta na kama tulivyodhani mapipa hukaa. Mvua ikinyesha, maji yalituama juu ya pipa. Jua likilipasha joto kisha likapoa jioni, pipa lilivuta maji hayo kupitia kwenye kizibo, tone kwa tone. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yalishuka chini na kutulia huko miezi mingi, hakuna aliyeyaona. Siku hiyo nilijaziwa mafuta kutoka kwenye pipa la namna hiyo, nikaondoka na lita elfu nane za maji ya shule ya bweni. Katikati ya mlima wa matanuri ya matofali, injini ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Wanafunzi wale walilala bila kuoga, na mpishi wao alinisema kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

Nilirudi kituoni kwa miguu, nimejipangia hotuba nzima njiani. Sikupata nafasi ya kuitoa. Habari zilikuwa zimenitangulia, na nilimkuta ameshaandika ripoti. Mstari wa kwanza ulisema kosa ni lake, kwamba alitoa mafuta bila kutazama chini ya pipa. Angeweza kusema injini ni mbovu na sote tungemwamini, maana injini yenyewe haikuwa na sifa nzuri. Hakusema hivyo.

Kisha akaenda kwa fundi mkuu wa karakana, mzee mkali aliyekuwa hapendi kuulizwa maswali, akamwomba amfundishe mafuta. Kwa miezi mitatu saa yake ya chakula cha mchana iliishia chini ya malori. Hakuna aliyemtuma.

Alipotoka huko, stoo ilibadilika sura. Mapipa yaliingia chini ya paa, yakalazwa ubavu juu ya mbao, vizibo viwili vya kila pipa vikiwa usawa mmoja kama macho, ili mafuta yenyewe yavifunike kwa ndani. Kila pipa liliandikwa tarehe kwa rangi nyeupe. Tangi kubwa la kituo alitaka likae limejaa, kwa kuwa kwenye nafasi tupu hewa hutoa jasho, na jasho hilo ni maji. Kila Jumatatu alifungua koki ya chini ya tangi, akakinga uchafu mpaka dizeli safi itoke. Mafuta ya zamani yalitumika kwanza, mapya yakapangwa nyuma yake. Ukijaribu kuchukua pipa la mbele kwa kuwa liko karibu, ulirudishwa.

Na kabla pipa lolote halijatoka, alivuta mafuta kidogo kutoka chini kabisa kwa mrija, akayatia kwenye chupa tupu ya jemu, akaiweka dirishani itulie. Mafuta mazima hupitisha mwanga. Yenye maji huweka mstari chini ya chupa. Yaliyooza huwa na ute mweusi pale maji na dizeli yanapokutana, na harufu ya uchachu inayokufanya ugeuze uso. Mlangoni alibandika tangazo: USINIAMBIE YAKO SAWA. NIONYESHE CHUPA.

Jina lake lilitoka hapo. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alipita nje ya dirisha, akaona chupa zaidi ya ishirini za kitu chenye rangi ya asali, akamvuta kando mkuu wa kituo na kumwuliza kwa upole kama mama wa stoo ana tatizo la kunywa. Bi Chupa alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini. Nyumbani kwake nako, binti yake anatuambia, hakuna kopo la unga wala la sukari lisilo na tarehe. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno machache, husema yeye hujikagua mgongoni kila asubuhi asije akawa amebandikwa tarehe.

Haya yote tuliyaona kama tabia za mtu makini, za kutaniwa. Miaka minne iliyopita ndipo tulipojua thamani yake.

Wakati huo kituo kilikuwa kimeanza kujaza malori kwenye pampu za mjini, na mapipa kumi ya akiba yakasahaulika. Bi Chupa aliandika barua tatu akiomba yatumike na yawekwe mengine. Hazikujibiwa. Alichoweza kukifanya peke yake alikifanya: aliyageuza, aliyafuta kutu, alikaza vizibo. Yalipofikisha miaka miwili na miezi minane, meneja wetu wa sasa aliripoti kazini, akaziona zile tarehe nyeupe, akaamua mapipa yote yaondolewe kama taka. Kwa haki, mtu yeyote mwenye busara angeamua hivyo. Bi Chupa aliomba ayapime kwanza. Meneja alimwambia mafuta ya umri huo hayana cha kupimwa, ila akampa mpaka mwisho wa mwezi.

Tarehe ishirini na moja mto ulifurika. Ulichukua daraja ambalo magari ya mafuta hupitia kuingia mjini, na ukavunja bomba kuu linalopeleka maji upande wa juu, iliko hospitali. Mpaka saa sita mchana pampu za mjini zilikuwa zimefungwa. Kwenye tangi letu zilibaki lita mia saba. Hospitali ilikuwa na maji ya siku moja na nusu.

Meneja alishuka stoo mwenyewe, amevaa mabuti, akauliza mapipa mangapi yanafaa. Bi Chupa alijibu kwamba hajui, na kwamba atajua baada ya saa tatu, chupa zikitulia. Tulisubiri. Chupa kumi zilipangwa dirishani na sisi tumesimama mbele yake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Saba zilikuwa nyeusi kidogo kuliko dizeli mpya, lakini ziling'aa. Tatu zilikuwa na ute.

"Na haya matatu, tukichota ya juu tu?" meneja aliuliza.

"Hapana, meneja," alisema Bi Chupa. "Haya yameoza. Lori likizima mlimani na maji mgongoni, hospitali itakosa maji na sisi tutakosa lori."

Meneja alimtazama, akatazama chupa, akasema yatoke saba.

Kilichofuata ni kazi. Mumewe alileta mifuko ya kitambaa kizito aliyoishona siku hiyo hiyo, mirefu kama soksi. Mafuta yalipita kwenye kitambaa, kisha kwenye filta nyembamba ya pampu ya mkono. Kila pipa lilichotwa mpaka kiganja kimoja kutoka chini, na kilichobaki kikaachwa. Kila sehemu mbili za mafuta ya zamani zilichanganywa na sehemu moja ya mapya. Malori mawili yalipewa sanduku zima la filta za ziada kila moja. Halafu Bi Chupa akafungua mlango wa lori langu, akapanda, akakaa. Sikumwalika.

Safari ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Ya tatu, tukiwa tumejaza maji, kwenye mlima ule ule wa matanuri, nilihisi lori linapungua nguvu. Nilitaka kusimama.

"Usizime hapa," alisema. "Peleka taratibu mpaka pale penye tambarare."

Tulifika hapo tukijikokota. Filta ilitoka imejaa matope meusi. Mafuta ya zamani yalikuwa yameng'oa uchafu wa miaka kwenye tangi la lori lenyewe, na wote ukakimbilia kwenye filta. Tuliweka mpya, nikapampu mafuta kwa mkono huku yeye akilegeza skrubu ya kutoa hewa, mpaka mapovu yakaisha. Nilipowasha, injini ilishika mara moja. Dakika kumi na moja. Alitazama saa, akafuta mikono, akaandika kwenye kidaftari: badilisha kila safari ya pili, usisubiri ikohoe.

Tulipoingia geti la hospitali, wauguzi wawili walikuwa wamesimama na ndoo tupu. Nilifungua valvu, maji yakaanza kuingia kwenye tangi lao. Bi Chupa hakushuka. Nilipomtazama alikuwa analia, kimya, mkono umefunika mdomo.

"Ile siku ya shule," aliniambia, "sikuwahi kuisahau."

Miaka ishirini na tano tulikuwa tukitaniana juu ya siku hiyo. Sikujua kuwa aliibeba namna hiyo. Nilimwambia nilishamsamehe kabla sijafika mwisho wa mlima, jambo ambalo si kweli kabisa, lakini lilimfanya acheke.

Kwa siku sita, malori mawili yalifanya safari tisini na moja. Hakuna lililozimika lenyewe likiwa na mzigo. Chumba cha upasuaji hakikufungwa hata siku moja. Muuguzi mkuu alitueleza baadaye kwamba katika wodi ya wazazi walikuwa wakisikiliza mlio wa lori wakijua kazi inaendelea, na kwamba watoto ishirini na watatu walizaliwa juma hilo na wote wakaogeshwa.

Siku ya saba gari la kwanza la mafuta mapya lilipita kwenye daraja la muda. Dereva wake alitegemea kupokewa kwa shangwe. Bi Chupa alimpokea kwa chupa, akaiweka dirishani, akamwomba asubiri. Dereva alinuna, ila alisubiri.

Katika mkutano wa wafanyakazi meneja alisimama na kusema mbele yetu wote kwamba alikuwa amebakiza siku tisa kuyatupa mafuta yaliyoiokoa hospitali. Alitia saini utaratibu wa Bi Chupa siku hiyo, na leo unafuatwa katika vituo vyote vya idara yetu. Bi Chupa alipopewa nafasi ya kusema, aliomba mambo mawili: yale mapipa matatu mabovu sasa yaondolewe, na barua za stoo zijibiwe. Zinajibiwa.

Stoo anamwachia dereva mwenzetu wa kike, aliyeomba nafasi hiyo mwenyewe na ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akijifunza kwake. Mapipa yaliyopo ni kumi na mawili, la zamani kuliko yote lina miezi saba.

Bi Chupa, madereva wamenituma nikwambie hivi: tulifika. Shule, zahanati, kambi za waliohamishwa na mafuriko, kote tulikotumwa tulifika na kurudi nyumbani kwa watoto wetu, na tulijua nani alituwezesha. Tunakushukuru kwa moyo wote, wewe na mzee wa cherehani na binti yenu aliyetuazima mama yake kwa miaka yote hii. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na asubuhi zisizo na haraka. Ukipita barabarani ukasikia honi mara mbili, ni sisi.