Mama Mita na Maua Yasiyotaka Maji Mengi

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969.

Mwaka 1971 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miguu miaka thelathini na mitano. Mtaa mzima ulimwita Mama Mita. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi seremala, ambaye rafiki zake walimtania kwamba sasa ataoga kwa kipimo. Walijaliwa watoto watatu.

Alipostaafu alipanda seji, maua ya zambarau yanayovumilia ukame, mbele ya nyumba, penye kokoto palipowashinda wote kuotesha kitu. Alizijua nyumba ambazo bomba hutoa upepo tu, akaona aibu kufuja maji kwa maua. Aliyamwagilia mara moja kila wiki mbili, shinani, asubuhi. Jirani aliyeyasifu hakuondoka mikono mitupu.

Januari 2022 figo zake zilianza kushindwa. Daktari alimwekea mpaka: vikombe vitatu vya maji kwa siku. Alipolazwa wiki tano, Mei 2023, binti yake mkubwa, aliyeshindwa kumpa hata funda la ziada, aligeukia seji. Aliimwagilia asubuhi na jioni. Mizizi ikaoza.

Siku ya kurudi nyumbani, binti alimsihi apitie mlango wa nyuma, kwamba mbele kuna utelezi. Mama akapita mbele. Alitazama mashina meusi, akakaa ngazini.

"Mama, nimeyaua."

"Umeyaua, ndiyo. Ulikuwa unanimwagilia mimi. Haya, lete kisu, shina lile la ukutani bado bichi."

Alikata vipando saba, akamwachia binti avipande kwa mkono wake, akamkataza kuvisogelea na ndoo. Habari hiyo hakuitaja tena.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi. Vipando vinne vimeshika. Bado havijachanua.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Kipando kimoja tutakipanda leo hapa kaburini. Atakayekuja kumtembelea, tunamwomba asije na maji.

Apumzike, mama yetu, kwa amani ileile aliyomwachia bintiye.